Ni Nani Alikuwa Amempakata Mtoto

Jericho, Nairobi
12 Februari 2023

Kwa dada yangu Nerima, huko Kimilili,

Salamu nyingi kama mahindi ya ghala lako, ikiwa panya hawajayamaliza. Mimi ni mzima. Magoti yanalia, nami nayaacha yalie, siwezi kuyabembeleza yote. Matheka, yule jirani yangu Mkamba ninayecheza naye drafti, bado ananiibia vizibo. Pia bado anaamini kwamba timu yetu ya mtaa hushindwa kila anapokwenda kuitazama. Mwezi uliopita alibaki nyumbani kwa makusudi ili washinde, wakashindwa vilevile. Sasa anasema ni kwa sababu alichungulia dirishani. Najua utauliza habari ya kanisa. Naenda. Mara nyingine hata naamka mahubiri yakiwa hayajaisha.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yako ni pambo la kabati. Nikipiga, masikio yako hayashiki, na ukishika unajibu swali nililouliza Pasaka.

Sasa neno lenyewe. Mjukuu wangu Caleb amepata mtoto wa kike. Mkewe Celine alijifungua salama mwezi uliopita na wako kwao Njiru. Mtoto ni mzuri, ila kichwa ni cha ukoo wetu, hatungeweza kumwepusha na hilo. Lakini Nerima, mtoto huyo analia. Analia kama mtu aliyeibiwa. Walimpeleka hospitalini, akapimwa, wakaambiwa ni mzima, ni tumbo tu la watoto wachanga, litatulia. Mimi nikacheka kimoyomoyo. Wewe na mimi tunajua mtoto wa kwetu akilia hivyo anataka nini. Anataka jina. Kuna mtu wa zamani amesimama mlangoni, na asipotajwa hakuna atakayelala.

Basi Jumapili nikavaa koti nikaenda Njiru. Ilifaa mama mzee ndiye ataje majina, lakini akina mama wetu wote wako kaburini, na wewe uko Kimilili, ambako si mbali sana na huko. Nikafanya mwenyewe. Sikuingia chumbani, adabu ninayo. Nilikaa sebuleni, mtoto akiwa ndani nyuma ya pazia, vile vile tulivyofanya watoto wangu walipopewa majina hapa Jericho. Nikaanza na mama yetu, Namaemba. Mtoto analia. Nikataja shangazi zetu wote, hata yule aliyekuwa akinifinya masikio. Analia. Nikataja bibi zetu wa pande zote mbili. Analia, na sasa Caleb anatazama saa. Nikasema: Triza.

Kimya.

Nakuambia kimya, Nerima. Friji ikaanza kusikika.

Mke wangu ameondoka miaka mitatu sasa, na siku hiyo alikuja mpaka Njiru. Nilitaka hata kumwuliza mbona amechelewa.

Lakini huyu Caleb! Mchana anafanya kazi, jioni anaenda chuo mjini, na huko wana somo la kufikiri. Nilidhani ananitania. Watu wazima wanatoka kazini wamechoka, wanakalia madawati kufundishwa kufikiri. Mimi niliacha shule darasa la sita na hiyo kazi nimeifanya bure miaka yote. Sasa ameniletea masomo yake sebuleni. Ati kitu kikitangulia kingine, si lazima kiwe ndicho kilichokileta. Ati mtoto alinyamaza kwa sababu alichoka. Yeye anataka aitwe Tiffany. Tiffany, Nerima. Hilo ni jina la mtu au ni la sabuni?

Tumebishana mpaka akasema, basi, Senge Nerima aamue, yeye ndiye shangazi, dada wa mwenye boma. Hospitalini waliandika tu "mtoto wa Celine", na wanataka kumwandikisha kabla Julai haijaisha. Kwa hivyo nijibu kwa neno moja. Andika: Triza. Usipoteze wino kwa salamu.

Ndugu yako,
Patrobas Shiundu


Kimilili
5 Machi 2023

Patrobas mdogo wangu,

Wino ni wangu, nitaupoteza nikipenda. Salamu kwako, kwa Caleb, kwa Celine na kwa mgeni wetu. Mvua bado inatuzungusha. Ng'ombe wangu amezaa ndama mwenye doa usoni, na mchungaji mpya amefika, kijana anayehubiri akinyoosha kidole kana kwamba anatuhesabu. Mimi ni mzima kuanzia shingoni kwenda chini. Masikio ndiyo yamenitoroka.

Nimefurahi kwa mtoto. Na nilipofika pale ulipoandika Triza, niliweka barua chini nikatoka nje kidogo. Tangu aondoke sijapata mtu wa kuketi naye tukasemana watu vibaya kwa amani.

Lakini umeniomba niamue, na mimi siamui kwa haraka zako. Nina maswali.

Umesema ulianza na mama, ukapita kwa shangazi na bibi, ukamaliza na Triza. Sasa mtoto alikuwa amelia kwa muda gani kufikia hapo? Hakuna mtoto anayelia milele, Patrobas, hata wewe uliacha. Ungeanza na Triza ukamaliza na mama, pengine leo ungekuwa unaniandikia kwamba Namaemba amerudi. Tena hukusema kama amelia tena baada ya hapo. Nakujua. Jambo lisipokufaa huwa hulioni, unalipita kama mtu anayekudai.

Na swali la mwisho, hili nijibu vizuri: ni nani alikuwa amempakata mtoto?

Fanya hivi. Rudi Njiru. Akilia, lianze jina la Triza. Siku nyingine liweke katikati. Siku nyingine taja jina lisilo letu kabisa, taja hata mbuzi wa machinjio ya Kiamaiko. Kisha uniandikie yote, yanayokufurahisha na yasiyokufurahisha. Nikishaona nitajibu.

Dada yako,
Nerima


Jericho, Nairobi
2 Aprili 2023

Kwa Mheshimiwa Jaji Nerima,

Leo ni Jumapili ya Matawi, nimetoka kanisani na kipande cha mnazi mkononi. Salamu zimejaa. Matheka anakusalimu, amesikia habari zako zote na anasema ungefaa kuwa polisi.

Nimefanya ulivyosema. Mara ya kwanza nilianza na Triza, na mtoto akaendelea kulia. Lakini hiyo haihesabiki, alikuwa na njaa. Mara ya pili nikaliweka katikati. Akaendelea. Hiyo nayo usiihesabu, jirani alikuwa amefungulia redio kama yuko harusini. Mara ya tatu nikamtaja, akanyamaza! Hiyo uihesabu.

Kisha habari ya mbuzi. Mbuzi wa Kiamaiko hawapewi majina, hawakai sana. Nikasema nitaje kitu chochote kilicho mbele yangu, nikataja Sufuria. Akanyamaza.

Caleb alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu. Nilimwambia mtoto alinyamaza kwa mshangao. Hata wewe ukiitwa Sufuria utanyamaza kwanza ufikirie. Akaniambia mimi babu yake, "Kuka, wewe unahesabu mabao tu. Mipira iliyopaa juu ya mwamba umeisahau yote." Sasa, Nerima, ni nani duniani anayekumbuka mipira iliyopaa?

Lakini nina hoja ambayo wewe na chuo chake hamuwezi kuihamisha. Watoto wangu watano, wote nilizaa hapa Jericho, na wote walinyamaza kwa jina linalofaa. Wewe ulikuwepo. Mama alikuja kwa gari la moshi na kuku kwenye kikapu, akawa anataja majina ndani, mimi niko upande wangu wa pazia. Opicho, baba yake Caleb, alipotajiwa jina la baba yetu akakatika kilio kama mfereji uliofungwa. Na mimi nilikuwa fundi wa mifereji wa kanjo ya jiji, najua mfereji uliofungwa unavyokuwa. Watano, bila kukosa hata mmoja. Hiyo nayo ni bahati? Hiyo nayo ni uchovu?

Unalikumbuka lile pazia? La maua mekundu, alilishona Triza mwenyewe, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, na nikisema liko upande akaniambia ni ukuta ndio uko upande. Siku hizo jioni mtaa mzima ulinuka samaki wa kukaanga na mafuta ya taa. Akina mama wanapiga foleni penye bomba, nami nikitoka kazini namsikia Triza kabla sijamwona, yuko kwenye mstari anamcheka mtu. Nilikuwa napunguza mwendo ili nimsikie akimaliza.

Sasa hapa wamejaa vijana wanaoongea lugha ambayo nilidhani ni yetu. Wananiambia "niaje mzee", nawajibu "poa", wanacheka, sijui nimesema nini. Nyumbani watu wakija kunitembelea wanasema marehemu. Marehemu alipenda tangawizi kwenye chai. Marehemu angefurahi. Hata Opicho, mtoto wake wa kumzaa, anasema marehemu.

Wacha hayo. Andika neno moja.

Patrobas


Jericho, Nairobi
20 Mei 2023

Nerima,

Salamu, ingawa sijui kama unazitaka. Mwezi wa Aprili umekwisha, na Mei inakwisha, na hakuna barua. Nimekwenda ofisi ya mabasi, barua zako zinakofikia, mpaka yule mama wa mizigo, akiniona tu, anatikisa kichwa.

Nimekaa nimefikiri. Kwanza nilidhani umekufa, lakini hilo lingepigiwa simu. Kisha nikadhani umekasirika kwa sababu nimetaja majina mwenyewe na wewe ndiye senge. Halafu juzi nikiwa kwenye drafti nikaelewa yote. Unataka mtoto aitwe kwa jina lako. Unangoja kimya mpaka nichoke, kisha useme Nerima. Nikianza kukumbuka naona dalili zote. Ulisema "mgeni wetu". Wetu! Na ulipouliza ni nani alimpakata, nia ilikuwa kutafuta kosa. Tangu utoto wewe ndiye uliyekuwa ukichukua firigisi ya kuku huku ukijua ni ya mwanamume.

Nilimweleza Caleb. Alinisikiliza vizuri siku hiyo, hakucheka. Akasema, "Kuka, kimya cha Senge hakijasema kitu. Ni wewe unakisemea." Nikamwambia aende akalale.

Mtoto sasa halii sana. Anatazama. Mamake humwita "mama", Caleb humwita "madam", na majirani humwita "mtoto". Anakua bila jina kama paka wa sokoni.

Na kwa kuwa umeuliza na sitaki useme nimekwepa: aliyempakata ni Celine. Angempakata nani mwingine?

Patrobas


Kimilili
14 Juni 2023

Patrobas,

Salamu. Sijafa. Jina langu bado nalitumia mwenyewe, sitaki kuligawa. Na firigisi ulikuwa ukinipa wewe, ukiwa umechubuka magoti na unataka nisiseme kwa mama.

Tumepalilia, ndama amenenepa, yule mchungaji wa kidole amepata mchumba. Hayo siyo yaliyonichelewesha. Barua zako zilifika zote. Nilikaa nazo kwa sababu kuna jambo Triza alinikataza kusema, na mtu aliyekukataza akishaondoka, hujui kama amekwenda na katazo lake au amekuachia. Nimebishana naye miezi miwili hii. Nimemshinda, au labda amechoka.

Uliniuliza kama watoto watano ni bahati. Hapana. Si bahati hata kidogo.

Usiku tulipompa Opicho jina, ulikuwa upande wako wa pazia. Mimi nilikuwa upande wa pili, na mama, na Triza amempakata mtoto. Triza alikuwa na jina lake moyoni. Alilitaka la baba yetu, kwa sababu siku alipoletwa nyumbani shangazi zetu walimpima kwa macho kama kitambaa, na baba ndiye pekee aliyemvutia kiti. Basi mama akitaja, Triza ameshika kanga juu ya kifua, mtoto anatafuta ziwa na halioni, anapiga kelele. Jina la kwanza, kanga iko juu. La pili, iko juu. Mama akasema Opicho. Kanga ikashuka.

Kimya.

Nawe huko nje ukasema kwa sauti kubwa, "Mmesikia? Amemjua babu yake!" Mimi na Triza tuliuma mashuka.

Ndivyo wote watano. Yule wa nne alikaribia kutuaibisha, alikuwa ameshiba, ikabidi Triza ampulize usoni. Na usifikiri tulimdanganya mama. Asubuhi nilimwuliza kama aliona. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa. Akasema, "Unadhani Patrobas alilipataje jina la Shiundu?"

Sasa umekaa miaka hamsini na ushahidi wako, ndugu yangu, na ushahidi wote uko upande mmoja wa pazia. Hukuwahi kuuliza upande huu kuna nini, kwa sababu kila mara ulisikia ulichotaka kusikia. Si wewe peke yako. Wanaume wote wa ukoo wamekaa hapo hapo.

Sisemi majina hayo ni ya uongo. Yalichaguliwa na mtu aliyekuwa na mtoto mikononi, na mimi sijaona njia iliyo bora. Ila sitaki kumtwika mtoto huyu wa Njiru neno ambalo hakulisema. Hakumwita mtu. Alikuwa anaumwa tumbo.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Niambie kwa nini wewe unalitaka jina hilo. Wewe, bila kumsingizia mtoto wala wafu. Nikiwa Kimilili sitasikia, masikio ndiyo hayo, kwa hivyo mwambie Caleb mbele ya mkewe. Ukishasema, jina nimelitoa.

Nerima


Jericho, Nairobi
9 Julai 2023

Dada yangu Nerima,

Salamu. Barua yako niliisomea nje, penye ubao wa drafti, na hilo lilikuwa kosa. Nilikasirika kwanza. Nikamshinda Matheka kwa hasira michezo yote, mpaka akaniuliza nimekula nini. Kisha nikaiona ile kanga ikishuka, na mimi nimesimama nje na kifua mbele kama jogoo, "Amemjua babu yake", na nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka Matheka akahesabu vizibo vyake upya. Nikainuka niende ndani nikamgombeze Triza. Nilikuwa nimefika mlangoni na neno la kwanza liko mdomoni ndipo nikakumbuka.



Jumapili nikaenda Njiru. Celine alikuwa anakunja nguo za mtoto, Caleb ameenda dukani. Nikamwuliza bila kuzunguka. Nikasema, mwanangu, ile siku ya majina, mtoto alinyamaza vipi? Akakunja nguo nyingine mbili kabla ya kunijibu, na hakunitazama. Akasema, "Kuka, ulipofika kwa hilo jina sauti yako ilikwama. Nikaona ukiendelea utalia na wewe. Nikampa ziwa, ili mnyamaze wote wawili."

Ile mara ya tatu pia ilikuwa ni yeye. Nikauliza na Sufuria je? Akasema hiyo hajui, hiyo mtoto alifanya mwenyewe.

Nerima, mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Nilikuwa na hoja tangu barabarani. Caleb aliporudi na maziwa, zote zikawa zimekwisha. Nikamwambia sina ushahidi. Bibi yako hakuja. Mtoto hakumwita mtu. Ni mimi. Nimeishi na mwanamke huyo miaka arobaini na kitu, nikimwita tangu asubuhi mpaka nilale, Triza chai, Triza viatu, Triza njoo usikie mambo haya, na sasa hakuna mahali pa kulisema. Nikilisema nyumbani peke yangu naonekana nimeharibika. Nikilisema mbele ya watu wanainamisha vichwa. Nataka kulisikia likiitwa na mtu ambaye hana huzuni. Nataka mtu aitwe aje ale.

Nikamwambia pia anaweza kukataa. Tiffany nitajifunza kutamka, hata nikiumia ulimi.

Caleb aliweka maziwa mezani. Unajua anavyofanana na Opicho akifikiri, ule mdomo. Akasema, "Kuka, ungesema hivyo Februari." Basi. Hayo ndiyo aliyosema, pamoja na masomo yake yote ya jioni.

Wamemwandikisha wiki iliyopita. Triza. Tiffany wameliweka nyuma, kama kiti cha wageni, na nimelikubali. Ukisafiri mwezi wa nane uje umwone. Nitakupokea kwenye basi mwenyewe, na Matheka atabeba mzigo, amekubali.

Jana nilikuwa kwao tena. Mtoto alikuwa amelala kwenye kochi karibu nami, Celine yuko jikoni na chapati. Akaita kutoka huko, kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu mwenye kazi:

"Triza ameamka?"

Nikamtazama. Alikuwa amefungua macho, ananiangalia.

Nikamjibu kwamba ameamka.

Ni mimi ndugu yako,
Patrobas